Mchoro wa Gari la Mwalimu

Kila asubuhi ya likizo, kabla mjomba hajagusa mtungi wake wa gesi, mimi nilikuwa nimeshafagia kibanda cha ofisi, nimeshachonga penseli tatu na nimeshamimina mafuta ya taa kidogo kwenye kopo. Mama akiingia aliuliza, "Karani, tuko tayari?" Nami nilijibu, "Tuko tayari, bosi." Jina hilo la Karani nilipewa na mjomba nilipokuwa na miaka tisa. Nililipenda mno, nikahakikisha darasa zima linalijua.

Kazi ya familia yetu ni kukata magari mabovu. Mtu akiwa na gari lililochoka kabisa, lisilotengenezeka hata kwa maombi, hutuletea sisi. Mjomba hulikata vipande kwa moto wa gesi, na kila Alhamisi alasiri lori la vyuma chakavu huja kuvibeba kwenda kuyeyushwa. Watu wengi hudhani kazi inaishia hapo. Hawamjui mama.

Mama ndiye mwenye karatasi. Mlangoni pa kibanda ameandika kwa rangi nyekundu: KARATASI KWANZA, MOTO BAADAYE. Gari haliguswi mpaka faili lake liwe na vitu vinne: kadi ya gari, nakala ya kitambulisho cha mwenye gari, vibao vyote viwili vya namba, na mchoro wa namba ya chasisi. Mama akishalikagua faili hulipiga muhuri wa TAYARI. Hapo mjomba huwasha moto, na faili hupelekwa ofisi ya usajili wa magari. Huko gari hufutwa kwenye orodha, na mwenyewe hupewa hati ya kuonyesha kwamba halipo tena.

"Gari lisipofutwa," mama huwaambia wateja wanaoona karatasi ni usumbufu, "kwa sheria bado linatembea. Mwizi akibandika namba yako kwenye gari lake akagonga mtu, polisi watakuja kwako wewe."

Michoro ya chasisi ilikuwa kazi yangu. Namba hiyo huwa imechongwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Unasugua kutu kwa brashi ya waya, unapafuta kwa mafuta ya taa, unaweka karatasi juu yake, kisha unalaza penseli na kusugua polepole. Namba inajitokeza nyeupe katikati ya weusi wa penseli. Ukikandamiza sana, karatasi inachanika. Mkono ukiwa na mafuta, inachafuka. Mkono wangu ulikuwa na mafuta mara nyingi, sitaficha. Mama alikuwa akichukua rula, akilinganisha mchoro wangu na kadi tarakimu kwa tarakimu, na mara nyingi alinirudisha nikachore upya.

Kisha akaja Kimya.

Kimya ni binti wa mama mkubwa, dada yake mama, na tuko umri mmoja, miaka kumi na miwili. Mama yake alipata kazi ya mwaka mmoja mbali na nyumbani, basi yeye akaletwa kwetu na begi moja na viatu vilivyong'arishwa. Jina la Kimya nalo lilitoka kwa mjomba, kwa sababu siku tatu za kwanza hakusema neno zaidi ya "shikamoo" na "asante". Wiki ya pili aliomba penseli akajaribu mchoro mmoja. Mama aliuinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ala! Hebu njooni mwone," alisema. "Utadhani umechapwa na mashine."

Mjomba akaja, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama. "Basi huyu ndiye Karani Mkuu," alisema na kucheka.

Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo Kimya ndiye aliyechora, na mimi nikapewa bisibisi nifungue vibao vya namba. Vibao! Kazi ya kulala chini, kutu ikikuingia machoni. Nikiwa pale chini niliwaona yeye na mama mezani, vichwa vimekaribiana, mama akimwonyesha jinsi ya kujaza fomu ya kufuta usajili. Mimi sikuwahi kuonyeshwa fomu hata siku moja.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Kimya akikunja nguo, mama anasifia mikunjo. Kimya akiosha sufuria, sufuria zinang'aa. Nikaanza kumchukia hata kwa namna anavyofunga kamba za viatu. Nilijiambia huu si wivu, ninadai haki yangu tu. Lakini mtu anayedai haki yake haombi mwenzake ajikwae, na mimi niliomba hivyo kila asubuhi.

Jumanne moja gari la mwalimu wa udereva lililetwa likivutwa kwa kamba. Mwalimu huyo alikuwa amestaafu, na nusu ya madereva wa mji wetu walijifunza kwenye gari hilo dogo la bluu lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu.

"Tazama," alimwambia mjomba, akionyesha breki ya upande wake. "Hii yangu imelika kuliko ile ya wanafunzi. Ujue nimeponea wapi."

Alikuwa anahama. Jumamosi angesafiri kwenda kuishi na binti yake, na alitaka hati ya kufutwa kwa gari kabla hajaondoka. "Sitaki kuacha deni lolote na sheria," alisema. "Nimewahubiria watu sheria maisha yangu yote."

Nikafungua vibao. Kimya akachora namba ya chasisi. Mchoro ulitoka safi, herufi na tarakimu zote zimesimama wima. Mama aliuweka ndani ya faili akamshika Kimya begani. Mkono ule ulikaa pale begani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, au mimi ndivyo nilivyouona.

Sasa, nilikuwa na daftari langu chini ya godoro. Wenzangu hukusanya picha za wachezaji wa mpira. Mimi nilikusanya michoro ya magari yaliyokwisha kukatwa, ile ya akiba ambayo mama hakuihitaji. Mmoja kati ya hiyo ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora, wa gari la kampuni ileile ya gari la mwalimu. Herufi za mwanzo zilifanana kabisa. Tarakimu nne za mwisho hazikufanana.

Asubuhi ya Jumatano, kabla mtu mwingine hajaingia kibandani, nilitoa mchoro wa Kimya kwenye faili nikaweka ule wangu. Wa Kimya niliuficha ndani ya daftari. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo. Mama atachukua rula, ataona tarakimu za mwisho hazilingani na kadi, atamwita Kimya na kumuuliza, "Ulikuwa unachora wapi, ndotoni?" Basi. Nilitaka Kimya naye aisikie sauti hiyo, japo mara moja.

Mama aliingia, akafungua faili. Alitazama kadi, akatazama mchoro juu juu, akachukua muhuri.

"Hii ni kazi ya Kimya," alisema. "Sina wasiwasi nayo."

Pa! TAYARI. Rula haikuguswa.

"Mama!" nilisema.

"Nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini kilichotoka si kile nilichopaswa kusema. "Mbona yangu huwa unaihakiki kwa rula?"

"Kwa sababu yako huwa inahitaji rula," mama alijibu, akampungia mjomba mkono dirishani.

Kwa hasira nilichukua bisibisi yangu nikatoka. Nje, mjomba aliwasha moto. Kufikia saa nne gari la bluu lilikuwa vipande kumi na kitu, limetupwa kwenye lundo pamoja na vyuma vingine. Nilijifariji kwamba huko ofisini nao wataangalia juu juu. Si mama mwenyewe ameangalia juu juu?

Alhamisi mama alipeleka faili. Mwalimu alikuja saa saba kusubiri hati yake, akakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mbele ya kibanda, akituhadithia jinsi mwanafunzi mmoja alivyowahi kuegesha gari ndani ya duka la viatu. Hata Kimya alicheka kwa sauti. Saa nane mama akarudi. Hakuwa na hati, na hakumtazama mwalimu usoni.

"Mwalimu, samahani sana," alisema. "Faili limekataliwa. Namba iliyochorwa kwenye chasisi si ile iliyo kwenye kadi yako."

"Haiwezekani. Gari hilo nililinunua jipya, mimi mwenyewe."

"Nimeziona kwa macho yangu. Tarakimu za mwisho hazilingani. Ofisa anasema gari lenye kadi ya gari jingine huwa ni la wizi. Kesho asubuhi anapeleka faili kwa wapelelezi, nao watakuita. Amesema hata yeye ulimfundisha kuendesha, na jambo hili linamuuma. Lakini karatasi ni karatasi."

Mwalimu alivua kofia yake, akaishika magotini. "Miaka thelathini na minane," alisema taratibu, "nimefundisha watu kusimama penye alama ya kusimama hata kama hakuna anayewaona. Leo mimi nimekuwa mwizi wa gari?"

Mama akamwita Kimya karibu.

"Mwanangu, ule mchoro uliuchora wapi?"

"Kwenye gari la mwalimu, mama mdogo. Upande wa kulia, chini ya kiti cha dereva."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Kila neno alilosema lilikuwa la kweli, na kila neno lilizidi kumzamisha mzee yule.

"Si chuma chenyewe kipo?" mwalimu aliuliza. "Kitazameni tena."

"Mwalimu wangu, mchoro umetoka kwenye chuma hichohicho," mama alisema kwa huruma. "Kitasema yaleyale."

Wakati huo honi ililia getini. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limefika. Mjomba na wapakiaji wawili wakaanza kurusha vyuma ndani, na kipande cha kwanza nilichokiona kikiruka kilikuwa cha bluu.

Nilikuwa nimemlenga Kimya, na jiwe limempata mzee ambaye hakunikosea lolote. Chuma kile kikishayeyushwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha kitu. Hata nikija kusema ukweli wiki ijayo, nani ataniamini? Lakini nikisema sasa, mama atajua mimi ni mtu wa namna gani. Na Kimya atakuwa amenishinda kabisa, maana yeye ni msafi wa mikono na wa moyo, na mimi ni mchafu wa vyote viwili. Nilimtazama Kimya, nikaona bado ninamwonea wivu hata dakika ile. Kisha nikamtazama mwalimu akikunja na kukunjua ukingo wa kofia yake.

"Mama," nilisema, "mchoro ulio kwenye faili si wa Kimya. Niliubadilisha mimi."

"Umesema nini?"

"Niliuweka wangu wa zamani, wa gari jingine. Wa kweli ninao kwenye daftari. Nilitaka umgombeze Kimya. Namwonea wivu." Machozi yalikuwa yameanza kunitoka. "Simamisha lori, mama. Chuma kitasema ukweli."

Mama hakunipiga wala hakunifokea. Aligeuka akakimbia kuelekea kwenye lori akipiga kelele, "Acheni kupakia! Acheni!" Sikuwahi kumwona mama akikimbia hapo kabla.

Tulipanda sote juu ya lori: mjomba, mama, Kimya na mimi. Mwalimu alibaki chini akipokea kila kipande cha bluu tulichomshushia, akikigeuza huku na huku. Kulikuwa na magari manne mle, yote yamechanganyika. Mimi niliokota vipande hovyo, kimoja kikanikata kidole. Kimya hakuokota hovyo. Alisimama, akawaza, akatafuta reli ya kiti cha dereva, na kutoka hapo akafuata kipande kilichokuwa chini yake.

"Hiki hapa!" alipiga kelele. "Mjomba, hiki hapa!"

Mjomba alishtuka nusura aanguke. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia sauti hiyo.

Tulipitia nyumbani nikachukua daftari, tukafika ofisi ya usajili saa tisa na nusu. Watu waliokuwa kwenye foleni walitupisha, kwa sababu tulibeba chuma chenye kutu ndani ya gunia na sote tulinuka mafuta. Ofisa alitandika gazeti juu ya kaunta, akaweka juu yake chuma, mchoro wa Kimya na kadi ya gari. Akasoma tarakimu nne za mwisho za kwenye chuma moja moja, mwalimu akimjibu kutoka kwenye kadi.

"Nane."

"Nane."

"Sifuri."

"Sifuri."

"Mbili."

"Mbili."

"Sita."

"Sita," mwalimu alisema, akashusha pumzi ndefu.

"Shikamoo, mwalimu," ofisa akasema. Asubuhi ile alikuwa amemtaja kama mshukiwa, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kuomba radhi. Kisha akainua mchoro wangu kwa ncha za vidole. "Na huu nani aliuweka kwenye faili?"

Nilimtazama mama. Angeweza kunisemea, lakini alisubiri.

"Mimi," nilisema.

"Unajua kwamba kuweka karatasi ya uongo kwenye faili la usajili ni kosa la jinai?"

"Sasa najua."

"Na muhuri huu wa TAYARI ni wa nani?"

"Ni wangu," mama alijibu. "Nilipiga bila kuhakiki. Hilo ni kosa langu, si la mtoto."

Ofisa alitoa karatasi akamwandikia mama onyo. Alimweleza kwamba likitokea jingine kama hilo, kibali cha kukata magari kitaondolewa. Mama alitia sahihi palepale kwenye kaunta, mbele ya watu wote wa foleni. Mama, ambaye kila mtu katika ofisi ile alimjua kwa mafaili yasiyo na doa. Ningekuwa na uwezo ningeimeza karatasi ile.

Mwalimu alipewa hati yake. Tulipotoka nje, tulikaa kwenye ngazi kumsubiri mama, aliyekuwa akifunga tena chuma kwenye gunia. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia popote.

"Nisamehe, Kimya."

"Ungeniambia unataka kuchora, ningekuachia," alisema. "Unadhani napenda? Kila mchoro nauchora kwa hofu. Mama aliniambia nisije nikawa mzigo kwenu. Nilifikiri nikikosea hata tarakimu moja nitarudishwa, na kule nyumbani hakuna mtu."

Wiki zote zile nilikuwa nimemwonea wivu kwa kukaa karibu na mama yangu, na sikujiuliza hata mara moja wa kwake yuko wapi. Nilimshika mkono. Ulikuwa na mafuta na kutu, na wangu ulikuwa na damu ya kidole. Hakuuondoa.

Mama alitoka na gunia lake. "Hakuna wa kurudishwa popote," alisema, maana alikuwa amesikia. "Na sikilizeni wote wawili. Kuanzia kesho kila mchoro utahakikiwa na watu wawili kwa rula, uwe wa huyu au wa yule. Mimi nilimpenda mmoja kwa kumsifu na mwingine kwa kumsahihisha, nikadhani wote mnaelewa. Nimekosea." Akanigeukia. "Lakini wewe hutagusa faili lolote mpaka likizo iishe. Utafungua vibao, na kila mchana utakuja hapa na mimi uone watu wanaosubiri hati zao. Nataka ujue kila karatasi ina mtu nyuma yake."

"Ndiyo, mama."

Kisha nikamwendea mwalimu, aliyekuwa amekaa ngazi ya chini akiikunja hati yake mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Nilimwomba radhi. Alinitazama, si kwa ukali wala kwa upole.

"Kaa," alisema. Nikakaa. "Wanafunzi wangu wengi walioanguka mtihani wa barabarani walianguka kwa kosa moja. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanalitazama gari la pembeni. Mtu anaona mwenzake anampita, roho inamuuma, macho yanabaki kulekule. Na mikono hufuata macho, binti yangu. Anayemtazama mwenzake barabarani huacha njia yake, na akishaiacha, mara nyingi hamgongi hata huyo anayemtazama. Humgonga mpita njia."

Alivaa kofia yake, akainuka akishikilia bega langu.

"Leo mpita njia nilikuwa mimi," alisema. "Nimenusurika kwa sababu ulisema kabla lori halijaondoka. Siku nyingine lori huwa limeshaondoka."